Chemirocha si Kosa la Masikio: Uhakiki wa Wimbo wa Kapkatet

Utangulizi

Mnamo mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika aliyekuwa na makao yake Afrika Kusini, alifika Kapkatet, katika wilaya ya Kericho ya wakati huo, akiwa na vinasasauti vyake. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa huko ni tatu zenye jina moja, Chemirocha. Mashuhuri zaidi kati yazo ni ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na kikundi cha wasichana wa Kipsigis, ikiandamana na kinubi kiitwacho chepkong. Kwa maelezo ya Tracey, jina hilo ni matamshi ya wenyeji ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimesikika katika nchi ya Wakipsigis kabla ya hapo. Maelezo hayo hayo yanasema kwamba wasichana humwona Chemirocha kuwa nusu mtu nusu mnyama, mwenye miguu ya paa, nao humhimiza acheze mchezo wao wa kuruka kwa nguvu hadi achomoke katika nguo zake.

Kwa miongo mingi wimbo huu ulikuwa mali ya makavazi na ya watafiti wachache. Katika miaka ya karibuni umegunduliwa upya, ukatolewa katika mikusanyo, ukaandikwa magazetini na kutangazwa redioni. Hata hivyo, karibu kila mara umeingizwa kwa hadithi ile ile: wanakijiji walimsikia Mmarekani kutoka katika gramafoni, hawakuelewa ni kitu gani, wakamdhania kuwa kiumbe cha ajabu. Hadithi hiyo inachekesha, na pengine ndiyo iliyoupatia wimbo wasikilizaji wengi. Lakini ni hadithi inayoufanya wimbo kuwa kosa la masikio.

Makala haya yanadhamiria kuupinga usomaji huo. Hoja kuu ni kwamba Chemirocha ni tungo iliyotungwa kwa ufahamu, kwa kutumia mbinu zinazojulikana za fasihi simulizi ya Wakalenjin: utoaji wa majina, uumbaji wa wahusika wa kiajabu, na kejeli ya ngoma. Aidha, inadaiwa hapa kwamba ugunduzi wa upya haujakamilika. Kilichopatikana ni sauti na kisa. Matini yenyewe, pamoja na watunzi wake, bado inangoja kusomwa.

Safari ya Santuri

Jimmie Rodgers alizaliwa mwaka 1897 huko Mississippi, na mji wa Meridian ndio uliohusishwa naye siku zote. Alifanya kazi ya reli mpaka ugonjwa wa kifua kikuu ulipomdhoofisha. Mwezi wa Agosti mwaka 1927 alirekodiwa kwa mara ya kwanza mjini Bristol, kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia, na tarehe 26 Mei 1933 akafariki mjini New York. Umaarufu wake wote ulijengeka katika muda usiozidi miaka sita. Alama yake kuu ilikuwa uimbaji wa yodeli, yaani kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa na kuirudisha tena.

Ni muhimu kusisitiza kwamba sauti hiyo haikuwa ya asili moja. Yodeli ina mizizi katika milima ya Alps ya Ulaya. Nyimbo za bluzi ambazo Rodgers aliziunganisha nayo zilitokana na Waamerika Weusi wa Kusini. Mwaka 1930, mjini Los Angeles, alirekodi wimbo mmoja wa mfululizo wake wa yodeli akisindikizwa na tarumbeta ya Louis Armstrong. Kwa hiyo, santuri iliyofika katika Bonde la Ufa ilikuwa tayari ni zao la kuazima, kuchanganya na kugeuza. Mtu aliyeichukua sanaa ya wengine akaifanya yake ndiye ambaye wasichana wa Kapkatet nao walimchukua wakamfanya wao. Anayeliita tendo la kwanza ubunifu na la pili kutoelewa, hana budi kueleza tofauti iko wapi.

Santuri hizo zilifikaje? Masimulizi mengi huwataja wamishenari peke yao. Si jambo lisilowezekana, kwani misheni za Litein na Tenwek zilikuwapo katika eneo hilo. Hata hivyo, nyimbo nyingi za Rodgers husimulia habari za wafungwa, wacheza kamari na watu wa kutangatanga, na hazielekei kuwa chakula cha kawaida cha meza ya mmishenari. Aidha, ziko njia nyingine zilizo wazi zaidi. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka uliofuata. Mashamba ya walowezi ya Nakuru, Njoro na Molo yaliwavuta Wakipsigis wengi kama maskwota na vibarua. Tangu miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai yalijiimarisha Kericho. Maduka ya Wahindi yalienea kila kituo cha biashara, na vita viwili vya dunia viliwapeleka vijana mbali na kuwarudisha na mambo mapya. Nyimbo za mfanyakazi wa reli zilikuwa na njia nyingi za kuifuata reli hadi Nakuru na kutoka hapo kupanda vilima vya Kericho.

Muktadha huu una uzito wake katika uhakiki. Jamii iliyoimba mwaka 1950 haikuwa jamii iliyofungiwa, isiyowahi kuona jambo geni. Ilikuwa imepoteza ardhi, imelipa kodi, imefanya kazi katika mashamba na jeshini. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilikuwa imeutwaa ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, na kuuhamishia Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Watu waliopitia hayo walimfahamu mzungu kwa undani, tena kwa gharama. Kuwasawiri kama watoto wanaoshangaa sanduku linaloimba ni kuifuta historia yao ili kisa kipendeze.

Jina na Utohozi

Hatua ya kwanza ya utunzi imo katika jina lenyewe. Kifonolojia, mabadiliko yake yanafuata kanuni. Lugha za Kikalenjin hazitofautishi maana kwa kutumia konsonanti ghuna na zisizo ghuna kama Kiswahili kinavyofanya katika pata na bata. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya Jimmie na ile ya katikati ya Rodgers zote mbili huwa ch. Majina mawili yakaungana, mwisho ukafunguka kwa irabu, likapatikana Chemirocha. Huu ni utohozi wa kawaida, sawa na ule ulioleta shati na baiskeli katika Kiswahili, na hakuna mwanaisimu anayeuita utohozi wa namna hiyo kosa la kusikia.

Lakini jambo halikuishia katika fonolojia. Mwanzo wa jina, Che-, ni kiambishi chenye maisha yake katika majina ya Wakalenjin. Hupatikana sana katika majina ya wanawake, kama vile Chemutai, Chelimo na Cherono, ingawa yapo pia majina ya wanaume kama Cheruiyot. Hupatikana vilevile katika majina ya viumbe na vitu. Kwa hiyo Jimmie Rodgers alipoingia katika lugha hii hakubaki mgeni mwenye jina gumu. Alipata jina lenye umbo la kienyeji, ambalo lingeweza kukaa katika orodha ya majina ya jirani bila kushtua sikio. Msanii aliyejulikana kwao kwa sura ya kiume ya mfanyakazi wa reli alipokelewa kwa jina linaloegemea upande wa wanawake. Je, wasichana walioliimba hawakulitambua hilo? Ni vigumu kuamini kwamba wazungumzaji wa lugha hawasikii kile ambacho lugha yao inawaambia kila siku.

Maelezo ya nyimbo hizi yanadokeza pia kwamba neno Chemirocha lilikuja kutumika kwa jambo lolote jipya na geni. Mabadiliko ya namna hii, ambapo jina la pekee linageuka kuwa nomino ya kawaida, si mageni katika Afrika ya Mashariki. Katika karne ya 19 pamba iliyofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar iliitwa amerikani, na jina la nchi likawa jina la kitambaa. Hakuna aliyedai kwamba wafanyabiashara wa Zanzibar walidhani Marekani ni nguo. Wakipsigis nao wanastahili kufikiriwa kwa haki ile ile.

Pan au Chemosit?

Suala lenye utata zaidi ni lile la nusu mtu nusu mnyama. Katika maelezo yake Tracey alimfananisha Chemirocha na Pan, mungu wa Wayunani mwenye miguu ya mbuzi na filimbi ya matete. Ulinganishi huo umerudiwa na wengi waliomfuata, mara nyingine kana kwamba ni sehemu ya wimbo. Ieleweke wazi kwamba Pan hakutoka Kapkatet. Alitoka katika elimu ya Mwingereza aliyekabiliwa na mhusika asiyemjua, akatafuta katika ghala la hadithi zake umbo linalokaribiana naye. Kwa maneno mengine, Tracey alifanya lile lile linalodaiwa kuwa lilifanywa na wanakijiji: alikipokea kitu kigeni kwa kukivika umbo la kwao. Tofauti ni kwamba tendo lake limeitwa maelezo na lao likaitwa mkanganyiko.

Iwapo Pan anawekwa kando, ni umbo gani la kienyeji linaloweza kusaidia? Jibu moja limo katika kitabu cha A. C. Hollis, The Nandi, kilichotolewa mwaka 1909. Wanandi na Wakipsigis ni jamii zenye lugha na mapokeo ya karibu sana. Hollis anamweleza zimwi aitwaye Chemosit, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja, ambaye kinywa chake chekundu hung'aa usiku kama taa. Zimwi huyo huimba gizani. Watoto wanapouona mwanga na kuusikia wimbo hudhani kuna ngoma, hufuata, wakaangamia. Naye C. Chesaina, katika Oral Literature of the Kalenjin cha mwaka 1991, ameonyesha jinsi mazimwi na wanyama wanavyochukua nafasi kubwa katika ngano za Wakalenjin.

Ulinganifu kati ya Chemosit na Chemirocha ni wa kuzingatiwa. Yote mawili yanaanza kwa Che- na kufuatiwa na m. Wote wawili ni nusu mtu nusu kiumbe kingine. Wote wawili huimba bila kuonekana na huwavuta wasikilizaji kwenye ngoma. Gramafoni, yenye mdomo mpana wa shaba na sauti isiyo na mwili, ilikuja katika jamii ambayo tayari ilikuwa na mhusika wa sauti ya usiku na kinywa king'aacho. Kwa mtazamo huu, wasichana hawakushindwa kumwelewa Rodgers. Walikuwa na utanzu wa kumwekea, wakamweka humo.

Hata hivyo, walimweka kwa kumgeuza. Chemosit hutisha, Chemirocha huchekesha. Chemosit huwaita watoto waende kwake. Katika wimbo wa Kapkatet wasichana ndio wanaomwita Chemirocha aje kwao acheze. Mguu mmoja wa zimwi umekuwa miguu ya paa, mnyama mwepesi wa kuruka, anayefaa ngoma ya kuruka. Ikumbukwe pia kwamba koo za Wakipsigis hutambulishwa kila moja kwa mnyama wake, aitwaye tiondo. Kumhusisha mtu na mnyama katika jamii hiyo si lazima kuwe kumfanya mungu wala kumshusha hadhi. Kunaweza kuwa njia ya kumpatia mahali miongoni mwa watu. Mgeni asiye na ukoo anapopewa miguu ya paa, anapewa angalau kitu cha kufanana na wenyeji.

Nguo na Kicheko

Kipengele cha tatu, ambacho wahakiki wengi hukipita kwa tabasamu, ni nguo. Kwa nini wasichana wamtake mgeni aruke hadi nguo zimvuke? Mwaka 1950 nguo hazikuwa jambo la kawaida tu. Suruali, shati na kofia vilikuwa alama za misheni, za shule, za ukarani na za kazi ya mshahara. Vilimtenga aliyesoma na asiyesoma, na kijana aliyerudi kutoka shambani kwa mlowezi na yule aliyebaki na mifugo. Mhusika aliyevaa nguo za kigeni huku akiwa na miguu ya paa ni picha ya kejeli iliyokamilika: juu ni ustaarabu ulioazimwa, chini ni mnyama anayetamani kuruka. Wimbo unaamua mgogoro huo kwa upande wa miguu. Nguo ndizo zinazotakiwa kuondoka.

Kiswahili kinalo fumbo linalokaribiana na hili. Kumvua mtu nguo ni kumfichua na kumwaibisha, ndiyo maana wahenga wakanena kwamba ukivuliwa nguo, chutama. Si halali kuuhamisha msemo wa pwani hadi Kapkatet na kudai kwamba ndio maana ya wimbo. Lakini ulinganishi unasaidia kuonyesha tofauti. Katika methali anayevuliwa hupata haya na kujificha. Katika wimbo anayevuliwa hutakiwa aendelee kucheza. Kicheko cha wasichana hakimfukuzi mgeni. Kinamtaka ajiunge nao, kwa sharti moja: aje bila vazi linalomfanya mkubwa.

Hapa pia ndipo jinsia ya waimbaji inapopata umuhimu. Waliomwita Chemirocha avuke nguo ni wasichana, na ngoma ni mojawapo ya nafasi ambazo mapokeo huwaruhusu vijana kusema hadharani yale ambayo mazungumzo ya kawaida hayaruhusu. Utani wa kimapenzi, dhihaka kwa wavulana na kejeli kwa wenye vyeo vyote hupata leseni katika wimbo. Kwa hiyo hatari ya tungo hii ni ya kweli, ingawa imefunikwa na utamu wa sauti. Katika koloni, ambamo mzungu ndiye aliyemwamuru Mwafrika avae nini na aende wapi, wasichana wanaimba mbele ya kinasasauti cha mzungu, wakimwamuru mzungu mwingine avue nguo. Kwamba mrekodi aliuona wimbo kuwa wa kupendeza tu ni ushahidi wa ustadi wa kejeli hiyo.

Pingamizi

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba usomaji huu unaubebesha wimbo mfupi mzigo mzito kupita kiasi. Huenda wasichana walikuwa wakijifurahisha tu. Jibu ni kwamba kujifurahisha na kutunga si mambo yanayopingana. Vijembe vya taarabu hufurahisha, na bado hakuna mhakiki anayesema kwamba havina fani wala maudhui. Nyimbo fupi huhitaji ufundi zaidi kwa sababu hazina nafasi ya kueleza. Hutegemea yale ambayo msikilizaji wa ndani anayajua tayari.

La pili ni zito zaidi. Usomaji uliotolewa hapa unategemea, kwa kiasi kikubwa, muhtasari wa Kiingereza ulioandikwa na mkusanyaji aliyefanya kazi katika nchi nyingi kwa msaada wa wakalimani. Haiwezekani kujua kutokana na muhtasari huo kama miguu ya paa imo katika maneno ya wimbo, au ilitolewa na mtu aliyeulizwa kuueleza, au ilinogeshwa njiani. Pingamizi hili ni la haki. Lakini halimsaidii anayeshikilia hadithi ya kosa la masikio, kwa kuwa hadithi hiyo inategemea muhtasari ule ule. Tofauti ni kwamba usomaji wa kifasihi unaweza kupimwa: matini ya Kipsigis ikinukuliwa, kutafsiriwa na kujadiliwa na wazungumzaji wake, hoja kuhusu Chemosit, paa na nguo inaweza kuthibitishwa au kuangushwa. Hadithi ya mshangao haihitaji matini yoyote. Huo ndio udhaifu wake mkubwa.

Ugunduzi wa Nani?

Visa vya santuri zilizosahauliwa kisha zikagunduliwa vina muundo wake. Maarufu zaidi ni kile cha Sixto Rodriguez wa Detroit, ambaye albamu yake ya mwaka 1970, Cold Fact, haikupata soko Marekani, ilhali ilipendwa sana Afrika Kusini na Australia bila yeye kujua ukubwa wa sifa zake kule kusini mwa Afrika. Filamu iliyotolewa mwaka 2012 kuhusu kutafutwa kwake ilipata tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Katika kisa hicho mgunduzi ni shujaa, na msanii hutolewa gizani akapewa jukwaa. Kisa kingine, chenye uchungu zaidi, ni cha Solomon Linda, aliyerekodi Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939. Wimbo ukazunguka dunia nzima ilhali yeye akafa maskini mwaka 1962.

Chemirocha iko kati ya visa hivi viwili. Mwaka 1954 Tracey aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1977 ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ambao sasa unaitwa Makhanda. Huko ndiko rekodi za Kapkatet zilikohifadhiwa, pamoja na maelfu ya nyingine kutoka kusini, kati na mashariki mwa Afrika. Uhifadhi huo si jambo la kubezwa. Bila huo sauti hizi zisingekuwapo. Mwaka 2014 maktaba hiyo, chini ya uongozi wa Diane Thram, ilishirikiana na Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music wa Nairobi kuzirudisha rekodi hizo kwa Wakipsigis. Baadhi ya wazee waliorekodiwa mwaka 1950 walikuwa wangali hai, wakazisikiliza sauti zilizokuwa zimeondoka kwao miaka 64 iliyotangulia.

Tendo hilo lilikuwa la heshima, tena la haki. Lakini kurudisha sauti ni hatua moja, na kurudisha matini ni nyingine. Tazama jinsi wimbo unavyotambulishwa hadi leo: Chemutoi Ketienya anatajwa, kisha wanafuata wasichana wa Kipsigis, kundi lisilo na majina. Mtu ambaye hakukanyaga Kapkatet, Jimmie Rodgers, anajulikana kwa tarehe ya kuzaliwa, mji na ugonjwa uliomuua. Waliomtungia maisha ya pili wanajulikana kwa kabila na jinsia. Masimulizi ya ugunduzi yameurudia upungufu huo kwa sababu yanaanza na Rodgers, yanapitia kwa Tracey, na kuwafikia wasichana mwishoni, kama kichekesho cha kufungia.

Upungufu huo si wa wageni peke yao. Tangu mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipodai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba Afrika na fasihi yake simulizi ziwekwe katikati ya masomo, idara za Kenya zimekusanya ngano, methali na vitendawili kwa wingi. Nyimbo zilizonaswa katika santuri zimepata bahati ndogo zaidi. Zimeachiwa wanamuziki, kana kwamba maneno yanapoingia katika santuri hukoma kuwa fasihi. Mjini Kericho kulikuwa na duka la Chandarana, ambalo katika miaka ya 1970 lilitoa santuri nyingi za benga, zikiwamo za Kikalenjin; hizo nazo ni matini za fasihi ya eneo hili, na nyingi kati yake zimewavutia wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kuliko wahakiki wa nyumbani. Iwapo hali haitabadilika, kizazi kijacho cha wanafunzi wa Njoro na Kabianga kitasoma kuhusu nyimbo za jirani zao kupitia maelezo yaliyoandikwa mbali, kwa ajili ya wasikilizaji wa mbali.

Kazi inayohitajika haina fumbo. Kwanza, maneno ya nyimbo zote tatu yanukuliwe kikamilifu katika Kipsigis na wazungumzaji wenye umilisi. Pili, yatafsiriwe moja kwa moja kwa Kiswahili, bila kupitia Kiingereza, ili viambishi kama Che- na istilahi kama tiondo visipotee njiani. Tatu, tofauti kati ya nyimbo za wanaume na ule wa wasichana zichunguzwe, kwani jina moja katika vinywa viwili huenda linabeba dhamira mbili. Nne, majina ya waimbaji yatafutwe kwa familia zao, kwa idhini yao, maadamu wapo wanaokumbuka. Kutoka Nakuru hadi Kapkatet ni safari inayomalizika kabla ya adhuhuri. Muda ndio usiosubiri.

Hitimisho

Imejaribiwa kuonyeshwa katika makala haya kwamba Chemirocha ni zaidi ya kisa cha watu walioisikia gramafoni wakashangaa. Jina lake limetoholewa kwa kufuata kanuni za lugha na likapewa umbo la kienyeji. Mhusika wake ana jamaa wa karibu katika ngano za Wakalenjin kuliko katika hadithi za Wayunani. Ombi la wasichana kwamba avuke nguo ni kejeli yenye mizizi katika maisha ya koloni, iliyosemwa kwa usalama kwa sababu ilisemwa kwa wimbo. Baadhi ya hoja hizi zitaimarika na nyingine pengine zitaanguka pale matini kamili itakapopatikana. Hivyo ndivyo uhakiki unavyopaswa kuwa.

Jimmie Rodgers alichukua sauti za Waamerika Weusi na za milima ya Ulaya, akatoa kitu ambacho hakikuwapo. Wasichana wa Kapkatet walichukua sauti yake, zimwi la usiku, paa na ngoma ya kuruka, wakatoa kingine. Wa kwanza ameitwa baba wa muziki wa kantri. Wa pili wangali wanangoja kuitwa watunzi.